Ndizi za Lori

Niliwahi kulilisha lori chakula cha mke wangu mjamzito. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani ni zile porojo zangu. Si porojo. Mikungu ya kupika, ambayo ilipaswa kuingia chunguni na kumtia nguvu mama wa mtoto, niliifukia shimoni mpaka ikaiva, nikaikanyaga kwa miguu yangu hii hii, nikaichachua, nikaichemsha, nikaukinga mvuke wake kwenye debe, nikampa dereva autie kwenye tangi. Na sikuwa nimelewa. Nyumba ilinuka ulevi, nguo zangu zilinuka ulevi, hata kuku walianza kutembea kwa mashaka, lakini mimi nilikuwa mzima kabisa wa akili, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwetu ni Nyakatuntu. Nilipelekwa shule mbali, nikafika sekondari wakati ambapo watu wa kwetu waliofika huko wangetosha kwenye mkeka mmoja, na nilichojifunza zaidi ya vyote ni kwamba sipendi kulala mahali nisipopazoea. Wenzangu wakawa makarani. Mimi nikarudi na sanduku la vitabu, nikaoa, nikaweka kiti barazani mbele ya migomba na kahawa, nikakaa. Mke wangu alikiita kiti kile ofisi. Mtu akija kuniulizia, alimjibu, "Yuko kazini, anaangalia kama migomba haijahama."

Sasa, kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela ya kusukwa kwa miti na kamba, nasi huiita engozi. Kila nyumba hutoa bega. Leo unambeba mama wa fulani, kesho wako atabebwa. Nyumba ya mgonjwa ina wajibu mmoja tu: kabla ya kuondoka, wabebaji wapikiwe ndizi na maharage, wale washibe, kwa sababu njia ni ya vilima na mgonjwa hana budi kufika. Mtu hatoki na machela akiwa na tumbo tupu.

Mimi bega langu lilikuwa na ugonjwa wa ajabu uliotokea siku za machela tu. Yowe likipigwa alfajiri, bega linauma. Machela ikishavuka kilima, bega limepona, nimeketi ofisini. Niliwahi kubeba mara moja, nikateleza, mgonjwa akateremka mwenyewe akasema afadhali atembee. Walinicheka miezi mingi. Baada ya hapo sikwenda tena, na kila mtu alijua, na mkuu wa wabebaji alijua kuliko wote, kwa sababu alikuwa jirani yangu. Shamba lake na langu yalitenganishwa na mstari wa milamula tu, ile mimea tunayoipanda mpakani, na milamula haizuii macho wala maneno. Alikuwa mzee mfupi, mkulima wa kahawa, mwenye shingo nene kama kinu.

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hatujamsikia akilia. Hili sina namna ya kulichekesha. Kwa hiyo mimba ya pili ilipokua, mke wangu akaniambia nimwite mkunga mapema. Mkunga akaja, akampapasa tumbo kwa muda mrefu, akanawa mikono, akaniita nje.

"Amelala kikingama," akasema. "Akibaki hivyo mimi simwezi. Uchungu ukimkuta hapa nyumbani, baba, utazika wawili. Mpeleke hospitali ya misheni kabla haujaanza. Usingoje."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya vilima, upande wa Bugene. Mtu mzima mwenye afya akitoka alfajiri alifika alasiri. Mtu mwingine yeyote pale kijijini angevuka mstari wa milamula siku ile ile, angesema, "Mzee, nahitaji mabega." Mimi niliutazama ule mstari siku kadhaa. Nilijiona nimesimama mbele ya mzee yule, naye ananiuliza bega langu linaendeleaje. Nikaona bora nitafute lori.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya dunia. Chumvi ilikuwa ya shida, nguo ya shida, mafuta ya taa tuliyasahau, na petroli ilipimwa kwa kibali kama dawa. Huko Murongo, mpakani, kulikuwa na lori moja la mfanyabiashara lililokuwa likipita kwetu na kahawa na magunia kuelekea Bugene, lakini siku hizo lilisimama zaidi ya kutembea. Nikafunga safari hadi Murongo. Mke wangu aliponiona navaa viatu alisema, "Mungu wangu, kumbe mambo ni mazito hivi."

Dereva nilimkuta amelala chini ya lori kama mtu anayelilinda lisiibiwe kivuli. Alikuwa kijana wa pwani ya ziwa, mwenye maneno mengi na kofia moja. Nikamweleza shida yangu yote.

"Ndugu yangu," akasema, "gari ninalo, njia ninaijua, moyo ninao. Hakuna cha kumnywesha huyu mnyama." Akapiga bodi kwa ngumi. "Petroli niliyo nayo inanitoa hapa mpaka mlima wa kwenu. Mlima wenyewe hainipandishi."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Nani kasema? Nyinyi si ndio mnaojua kuchemsha pombe ya ndizi mpaka inawaka moto? Niletee debe la spiriti. Naichanganya na petroli, tunapanda. Wazungu huko kwao wanafanya. Injini haijui ndizi, inajua kuwaka tu."

Hapo ndipo shule iliponiponza. Mtu asiyesoma angemwangalia yule kijana na kusema huyu ana wazimu. Mimi nilikumbuka mwalimu wetu wa sayansi akiwasha spiriti kwenye taa ndogo ya kioo, ule mwali wa samawati usiotoa moshi, nikasema moyoni: ni kweli! Nikajiona mimi peke yangu katika wilaya nzima ndiye ninayeelewa. Nikauliza, kwa sauti ya mtaalamu, kama kuchemsha kule si kosa.

"Kosa ni kuinywa," dereva akasema. "Hii si ya kinywa cha mtu." Sina hakika kama askari wa gombolola, wale wa baraza la chifu, angelikubali jibu hilo, lakini mimi nililikubali.

Tukapatana siku. Mke wangu angekaa mbele, pembeni ya dereva, kama memsahibu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekuja kuchungulia tu na kurudi. Migomba ilisimama na majani yaliyochanika, mikungu midogo, michache. Zile ndizi zetu za pombe zilitoka mtungi mmoja tu, na mtungi mmoja ukichemshwa hauzai hata robo ya debe. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekata mkungu, lakini mke ndiye aliyeonyesha upi ukatwe. Kwa hiyo nikamfuata shambani, nimeshika panga, nimejipanga kimaneno.

"Nionyeshe mikungu," nikasema.

"Nikuonyeshe nini, bwana? Huu hapa ni wa wiki hii. Ule pale ni wa kuniuguza nikishajifungua. Ile kule nyuma, usiitazame hivyo, ile ni ya wabebaji."

"Wabebaji hawatakuwepo. Kutakuwa na lori."

Alikaa chini taratibu kwenye majani makavu, mkono mmoja tumboni, akanisikiliza mpaka mwisho: spiriti, mwali wa samawati, wazungu huko kwao, memsahibu. Kisha akauliza:

"Una hakika?"

"Nimesoma jambo hili."

"Sikuuliza kama umesoma. Nimeuliza kama una hakika."

Nikasema nina hakika. Alinitazama, akanyoosha kidole, mkungu baada ya mkungu. Hakuwa mjinga. Aliogopa kama mimi, na alijua vizuri kuliko mimi kwa nini sikutaka kuvuka ule mstari wa milamula. Alipofika kwenye ule wa kumuuguzia, kidole chake kikasita, kikashuka. Huo niliukata bila kuonyeshwa.

Ndizi za kupika hazipendi kugeuzwa pombe. Zikiiva shimoni zinakuwa laini lakini maji yake ni ya uchoyo, na ukizikanyaga kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi zinakung'ang'ania miguuni kama gundi. Nilikanyaga mpaka magoti yakatetemeka. Ili zichachuke unazitia mtama uliokaangwa na kusagwa, na mtama tuliokuwa nao ulikuwa wa uji wa mke wangu. Nikautia. Kisha kuni: lubisi, pombe hiyo ya ndizi, ilitaka kuchemshwa kwa moto mkubwa ili mvuke upite kwenye bomba la shaba nililoazima, na bomba lenyewe lilitaka kupozwa, na maji ya kulipoza yalitoka bondeni kwa kichwa. Nilichoma kuni zetu zote ili nipate kitu cha kuchoma. Niliifanya kazi ile mchana kweupe, saa ambayo kila nyumba inapika, ili moshi wangu ujichanganye na wa wengine. Tofauti ni kwamba moshi wa kwangu ulikuwa na furaha zaidi.

Jioni tulikula viazi vitamu. Kesho yake viazi vitamu. Kwetu viazi ni kitu cha kusogezea muda mpaka chakula kiive, na mke wangu tangu azaliwe hakuvipenda. Alikuwa anamega kipande, anakitafuna, anatazama chungu kinavyotoa matone kwenye debe.

"Kinakula kingi kuliko mimi," alisema. "Na chenyewe hakina mimba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa umeanza kuchongoka mashavuni, na tumbo lilizidi kuwa kubwa, kama kwamba linamla.

Ilipofika karibu nusu ya debe nilijaribu nguvu yake. Nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikapeleka kijiti cha moto. Ikawaka! Mwali ule ule wa darasani, wa samawati. Nikamwita mke wangu aje aone. Mwali ulipozimika, kwenye kisahani palibaki maji. Yalibaki mengi, karibu nusu ya nilichomimina. Nami niliyaona. Najua hasa nilichofanya: niliyafuta kwa pindo la shati, haraka, kabla yeye hajainama kutazama. Dawa yake niliijua pia, ni kuichemsha tena, nguvu ibaki na maji yatoke. Lakini ukiichemsha tena inakuwa kidogo, na dereva alitaka debe, na migomba ilikwisha, na kuni zilikwisha, na siku ilikuwa inakaribia. Nikaamua lori halitakuwa na macho makali kama mwalimu wa sayansi. Nikaendelea kulijaza debe.

Siku hizo mzee jirani alikuja mpakani. Hakuvuka. Alisimama kwa upande wake, pua juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona mikungu imekwisha."

"Ndiyo, mzee. Ukame."

"Ukame." Akavuta pumzi kwa nguvu. "Huu ukame wako unanuka vizuri." Kuku mmoja akapita kati yetu akitembea kwa tahadhari. "Binti yetu siku zake zimekaribia. Vijana wananiuliza kama watapata yowe kutoka hapa kwako. Nimewaambia sijui. Nimewaambia pengine bega lake litasema."

"Tumepata lori, mzee," nikasema.

"Ahaa, waitu, bwana mkubwa," akasema, kwa heshima kubwa mno. "Lori." Akageuka akaenda zake.

Lori lilikuja siku tuliyopatana, lakini asubuhi ile ile mke wangu aliamka na mkono kiunoni. Alisema ni mgongo tu. Alivaa kanga safi, akakaa barazani, kwenye ofisi yangu, na kila baada ya muda alishika ukingo wa kiti na kuacha kuzungumza. Nikamuuliza ni uchungu? Akasema, "Nimekwambia mgongo. Lori liko wapi?" Nilipomsikia anaulizia lori kwa sauti ile, nilikwenda kusimama njiani.

Tukasikia ngurumo. Watoto wakakimbia mbele yake, mbwa nyuma. Dereva akashuka, akavua kofia, akamsaidia mke wangu kupanda mbele. Nilipanda nyuma na debe langu nimelikumbatia. Watu walitoka migombani kutazama. Nilimwona mzee jirani na wabebaji wake kadhaa, majembe mabegani, wamesimama. Niliwapungia mkono. Naam, niliwapungia.

Mlima wenyewe unaanzia pale kijiji kinapoishia. Chini yake dereva akasimama, injini ikiunguruma, akachukua debe, akanusa, macho yakamtoka machozi. "Hii ni mali," akasema. Akalimimina lote ndani ya tangi, akalitikisa lori kwa mabega kama anayechanganya uji, akapanda, tukaanza.

Mwanzo lilikwenda. Ninakumbuka upepo usoni, majani ya migomba yakibaki chini, na nilivyoanza kutunga maneno ya kumwambia mzee jirani nitakaporudi. Tukafika kwenye kona, mlima ulipokaza. Lori likakohoa. Likapiga hatua, likakohoa tena, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya ngoma ya harusi, likatikisika lote mpaka meno yangu yakagongana. Halafu kimya. Dereva akaweka mawe chini ya magurudumu, akazungusha hendeli, akazungusha, shati likamganda. Akafungua huku na kule, akatoa kikombe kidogo cha kuchujia mafuta, akakiinamisha kiganjani. Akanionyesha.

"Maji," akasema. "Ndugu yangu, umenipa maji."

Nilikuwa nasikiliza mbele ya gari. Mke wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kichwa chini, na sauti aliyoitoa niliwahi kuisikia mara moja tu, mwaka wa mtoto wa kwanza.

"Si mgongo," akasema alipopata pumzi.

Mbele yetu njia ya siku nzima. Nyuma yetu, naweza kuapa, niliona paa la nyumba yangu. Nilikuwa nimechoma chakula cha nyumba yangu yote na bado sijatoka mbele ya macho ya migomba yangu mwenyewe.

Mtu wa kukaa nyumbani hana sauti kubwa, hana kazi nayo. Nilipanda juu ya kabini, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga yowe. La kwanza lilitoka kama la mbuzi. La pili likatoka. Nilipiga mpaka koo likachanika, nikimsikia mke wangu chini ya miguu yangu, na nilichokuwa nakiwaza ni kwamba hawatakuja. Kwa nini waje?

Walikuja. Walikuja mapema mno, kumbe walikuwa tayari njiani. Mzee jirani alikuwa mbele, na nyuma yake vijana wawili walibeba machela. Nilishuka, nikataka kusema kitu, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Tulikuja kutazama lori likipanda," akasema. "Machela nilisema twende nayo, nikichoka niikalie." Akamtazama mke wangu, mzaha ukamtoka usoni. "Mlazeni. Upole. Kichwa huku." Kisha akanigeukia. "Hawa wametoka mashambani, hawajaonja kitu. Chakula cha wabebaji kiko wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye tangi.

Wote walitazama tangi. Mmoja alianza kucheka, akaacha. Mzee alitoa ndani ya shati viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani, akavigawa vipande vidogo, kila mtu kimoja. Mimi hakunipa. "Wewe beba mbele," akasema. "Bega lolote unalotaka."

Kwenye machela watu hupokezana. Siku ile walipokezana wote, ila mimi. Kila nilipogeuza shingo kuona nani anakuja kunipokea, nilisikia, "Endelea, msomi, wewe umeshiba spiriti." Ngozi ya bega iliondoka kabla hatujamaliza kilima cha pili. Na wale wengine walikuwa wanachoka, si kwa mzaha. Watu wale niliwahi kuwaona wakivuka vilima hivyo wakiimba. Siku ile waliimba kidogo, wakaacha, wakabaki na pumzi tu. Kwenye mwinuko mmoja kijana alipiga goti chini, machela ikayumba, mke wangu akalia. "Ni njaa," yule kijana akasema, anaomba radhi, yeye ananiomba mimi radhi. Mikungu ile, ile aliyoniambia nisiitazame, ilikuwa imelala kwenye tangi la lori.

Mzee hakutaka mke wangu anyamaze. Alitembea pembeni ya machela, mkono ukingoni.

"Binti, unatusikia? Sema kitu."

"Sina cha kusema, baba."

"Mtukane mumeo. Hilo halihitaji kufikiri."

Halafu ikatoka sauti nyembamba: "Mwambieni huyo wa mbele... anatembea kama debe lililotoboka."

Wakacheka, miguu ikaongeza mwendo. Huo ukawa wimbo wetu. Kila uchungu ukipita, mzee anasema, "Haya, binti," naye anatafuta kitu: kwamba nimeoa kiti, si mke; kwamba mtoto atazaliwa ananuka petroli; kwamba vitabu vyangu angevipika lakini havina chumvi. Sijawahi kupenda matusi kama siku ile. Nilikuwa nayangoja. Kwa yale matusi nilijua kuwa yu hai.

Jua lilipoanza kushuka, tukiwa tumeanza kuviona vilima vya Bugene, mzee akasema, "Haya, binti." Hapakutoka kitu.

"Haya, binti. Huyu wa mbele."

Hakuna. Nikataka kugeuka. "Usigeuke!" mzee akanifokea. "Ukigeuka utatuangusha. Tembea!" Nikatembea. Hakuna aliyezungumza tena. Nilisikia nyayo, na mti wa machela ukilia kwenye mfupa wangu, na mzee akisema taratibu kule nyuma, "Binti. Binti. Binti," kama mtu anayebisha mlango. Kisha tukawa tunakimbia. Watu waliokuwa na kipande cha kiazi tumboni tangu asubuhi walikimbia na machela, na mimi mbele yao, sikuona njia, niliona weupe wa ukuta wa hospitali ukikua.

Masista walimchukua mlangoni, mlango ukafungwa. Wabebaji walijitupa kwenye nyasi. Hakuna aliyeondoka. Mimi nilisimama, maana nilihisi nikikaa nitakuwa nimekubali jambo fulani. Mwishowe sista mmoja akatoka, aproni imelowa, akauliza mume ni yupi. Wote walininyooshea kidole, kama washtaki.

"Ni msichana," akasema. "Mama hana damu ya kutosha, ni dhaifu sana. Alikuwa anakula nini, huyu mama?"

Mzee jirani alikuwa karibu. Nilimtazama. Angeweza kusema. Akatazama pembeni.

"Viazi," nikasema.

"Ataishi," sista akasema. "Lakini nyumbani mlishe. Ndizi, maharage, maziwa mkipata. Msimlishe viazi tu."

Kwa sababu ya udhaifu ule walikaa hospitali muda mrefu, na mimi nililala chini ya veranda mahali nisipopazoea, sikulalamika. Siwezi kusema spiriti haiendeshi gari. Dereva alinijia baadaye kwa hasira, akaniambia kama ningeichemsha mara mbili tungefika. Huenda. Lakini kuichemsha mara mbili kungetaka migomba ya jirani pia, na kuni za jirani, na uji wa mke wa jirani, na siku hizi nikisikia vijana wanazungumzia mambo ya kukamua mafuta ya injini kwenye mahindi na muhogo, huwa nauliza swali moja tu, nani anakula viazi nyumbani. Wananiona mzee mwenye chuki na maendeleo. Mimi nakumbuka tu kwamba ndizi zile zile, zingetiwa chumvi na maharage na kuingia kwenye matumbo ya watu wale, zingefika Bugene na kurudi, zikiimba.

Lori lilikaa pale konani mpaka lilipopata petroli ya kulishusha. Watoto walilifanya kuwa nyumba.

Mke na mtoto walirudi kwa machela ile ile, nami mbele bila kuambiwa. Nyumbani palikuwa patupu kama nilivyopaacha: shimo la kuivishia, mtumbwi mkavu, jiko limejaa majivu, na kule nyuma migomba iliyokatwa imesimama kama vidole. Nilikuwa nimeshika panga natafuta mahali pa kuchimba kiazi, nikawasikia. Wanakuja kupitia mstari wa milamula, mmoja mmoja, wake kwa waume, kila mmoja na mkungu kichwani, mikungu midogo ya ukame waliyoiondoa kwenye vyungu vyao. Waliiegemeza ukutani barazani. Hawakuzungumza nami sana. Waliingia ndani kumwona mtoto.

Mzee jirani alikuja wa mwisho. Mkungu wake ulikuwa mkubwa kuliko yote. Aliutua kwenye kiti changu, kwenye ofisi yenyewe, akajifuta jasho shingoni, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Huu ni wa mzazi," akasema. "Ukiutia shimoni, safari ijayo tutakubeba wewe, na hatutakupeleka hospitali."